Kulinganisha sera za tabianchi za nchi sita: alama zinapangwaje?

MwanaPongwe

Salaam wakuu. Hapa Tanga tunaandaa jedwali la kulinganisha sera za mabadiliko ya tabianchi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Ethiopia na Afrika Kusini. Litatumika kwenye semina ya madiwani na asasi za mkoa, kwa hiyo watataka kuona nani yuko juu na nani yuko chini.

Rasimu ya sasa inahesabu sheria, mikakati na mipango ya kila nchi, kisha inajumlisha na asilimia ya upunguzaji wa gesijoto iliyoahidiwa kwenye NDC (mchango wa taifa chini ya Mkataba wa Paris). Kwa mtindo huo Ethiopia inaongoza kwa mbali kwa asilimia zake 68.8, na Uganda inaburuta mkia kwa 24.7. Je, zipo fahirisi za kimataifa ambazo tungezinakili tu? Kama hazipo, alama zipangwe vipi? Na bomba la mafuta la Chongoleani pamoja na saruji vinakaa wapi, maana madiwani hawataacha kuuliza.

---

Mchambuzi wa Raskazone

Za kunakili hazipo, kwa sababu Tanzania haimo kwenye nyingi. CCPI, fahirisi ya utendaji wa nchi kwenye tabianchi ya shirika la Germanwatch na wenzake, hupima nchi 63 na Umoja wa Ulaya, na kwa Afrika ina Algeria, Misri, Moroko, Nigeria na Afrika Kusini. Climate Action Tracker, mradi wa watafiti wanaofuatilia ahadi na sera za nchi, inazo Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini. Sisi, Uganda na Rwanda hatumo. Mfumo wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi, hasa la nchi tajiri) wa kupima ukali wa sera, ule unaotoa alama 0 hadi 10 kuanzia mwaka 1990, katika sita zako unayo Afrika Kusini peke yake. Kwa hiyo azima mbinu, alama waachie wenyewe.

Na hata hizo tatu kila moja inapima kitu chake. CCPI inatoa uzito wa 40% kwa uzalishaji wa gesijoto, 20% nishati jadidifu, 20% matumizi ya nishati, na sera yenyewe 20% tu, tena hiyo inatokana na dodoso la wataalamu wa nchi husika. Maana yake nchi isiyo na viwanda yaweza kupata alama za kupendeza bila kutunga sera hata moja. (Wale jamaa wana ukali wao: nafasi tatu za juu huziacha wazi, wakisema hakuna nchi inayofanya vya kutosha.) Climate Action Tracker inapima ahadi na mwelekeo kwa kigezo cha joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5. OECD inaangalia sera iliyopo na makali yake. Moshi kupungua au kuongezeka ni hesabu nyingine.

Hapo ndipo rasimu yako inapokwama. Ahadi, sera na matokeo ni vitu vitatu, kila kimoja kikae kwenye karatasi yake ya Excel, na usijumlishe karatasi moja na nyingine. Diwani akitaka namba moja, mpe tatu.

Karatasi ya sera ndiyo yenye kazi. Kila mstari uwe chombo kimoja cha sera, usiwe waraka. Mkakati wenye hatua 40 si sera 40, na hatua ileile ikitajwa kwenye NDC, kwenye mkakati na kwenye kanuni, ihesabiwe mara moja, pale ilipo na nguvu ya kisheria. Kenya imetoa mipango yake ya miaka mitano mfululizo, 2013–2017, 2018–2022, 2023–2027. Anayehesabu nyaraka ataipa alama tatu kwa kitu kinachorithiana. Safu ninazoshauri ni nchi, sekta, aina ya chombo (kodi, katazo, kiwango, ruzuku, taarifa ya lazima), tarehe ya kupitishwa, tarehe ya kuanza kutumika, tarehe ya kukoma, sehemu ya uzalishaji inayoguswa, kiwango chenyewe kwa kizio chake, ushahidi wa utekelezaji, na kiungo cha chanzo pamoja na ukurasa.

Tarehe mbili za mwanzo zisichanganywe. Afrika Kusini ilisaini sheria yake ya tabianchi Julai 2024, lakini sehemu yake ilianza Machi 2025 na vifungu vingine vikaachwa visubiri. Ukiandika "2024, ndiyo", umeshatoa alama za bure.

Na sheria zipimwe kwa kazi zinazofanya, jina liache. Kenya ina Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, iliyorekebishwa 2023, yenye baraza linaloongozwa na Rais. Uganda ina ya 2021. Tanzania haina sheria inayojitegemea kwa jina hilo, ila Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 75, inampa Waziri wajibu wa kuchukua hatua, na chini ya sheria hiyohiyo zimetungwa kanuni za biashara ya kaboni za 2022. Anayetafuta jina ataipa Tanzania sifuri. Uliza maswali manne badala yake: sheria inaweka lengo linalobana? Inaunda chombo chenye mamlaka? Inalazimisha taarifa kwa ratiba? Ina adhabu? Kila jibu la ndiyo liambatane na namba ya kifungu.

---

Bint Chumbageni

Nikae kwenye karatasi ya ahadi, maana asilimia za NDC ndizo zinazopotosha kuliko yote.

Nchi tano kati ya sita zako zimeahidi kupunguza kutoka kwenye makadirio ya 2030 kama mambo yangeachwa yaende yalivyo. Makadirio hayo kila nchi imejipigia yenyewe. Ukiyapandisha, asilimia yako inapendeza bila kufanya lolote. Geuza kila ahadi iwe tani zitakazobaki mwaka 2030.

Kenya (NDC ya 2020): makadirio tani milioni 143, punguza 32%, zinabaki kama milioni 97.
Uganda (2022): milioni 148.8, punguza 24.7%, zinabaki 112.
Rwanda (2020): milioni 12.1, punguza 38%, zinabaki 7.5.
Ethiopia (2021): milioni 403.5, punguza 68.8%, zinabaki karibu 126.
Afrika Kusini (2021) haitumii makadirio kabisa. Imetaja kiwango chenyewe, milioni 350 hadi 420.

Zote ni tani za kaboni dioksidi linganifu, yaani gesi zote zimegeuzwa kwa kipimo cha kaboni dioksidi. Sasa ona: Ethiopia ya 68.8% na Uganda ya 24.7% zinaishia mahali panapokaribiana, 126 na 112. Na Rwanda isikutishe kwa udogo wa tani zake. Hesabu yake inachukua nishati, viwanda, taka na kilimo, misitu haimo, ilhali Uganda na Ethiopia zimeweka ardhi na misitu ndani. Kwa hiyo weka safu mbili, yenye misitu na isiyo na misitu. Nchi isiyotoa mojawapo, seli ibaki tupu. Usiweke sifuri.

Tanzania ina kijimtego chake. NDC ya 2021 inasema 30–35% ifikapo 2030, sawa na tani milioni 138–153. Gawa 138 kwa 0.30 upate 460. Gawa 153 kwa 0.35 upate 437. Namba mbili hizo hazirudi kwenye makadirio mamoja, kwa hiyo usijaribu kutengeneza makadirio kwa kurudi nyuma na kuyaweka kwenye safu kana kwamba serikali imeyaandika. Nakili masafa yote mawili kama yalivyo, safu ya "zitakazobaki" iandike haikokotoleki.

Halafu tenga ahadi isiyo na sharti na ile inayosubiri fedha za nje. Rwanda imeigawa waziwazi: 16% kwa nguvu zake, 22% kwa msaada. Ethiopia, 14% tu ndiyo yake mwenyewe. Ukiweka 68.8 bila kutenga, unaisifia Ethiopia kwa pesa ambazo hazijafika.

Kingine ni vizidishio vya gesi. Methani ilihesabiwa mara 21 ya kaboni dioksidi kwenye tathmini ya pili ya IPCC (jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa), 25 kwenye ya nne, 28 kwenye ya tano. Kutoka 21 hadi 28 ni ongezeko la theluthi moja kwa ng'ombe walewale. Taarifa za Mkataba wa Paris zinadai vizidishio vya tathmini ya tano, lakini orodha za zamani zina vyake. Kabla ya kulinganisha miaka, tafuta jedwali la gesi mojamoja kwa tani zake halisi, uzidishe upya mwenyewe.

Michango mipya inayolenga 2035 ipewe safu zake. Usiihamishe kwenye safu ya 2030 kwa sababu tu ndiyo ya karibuni.

---

MwanaPongwe

Shukrani dada, na kaka wa Raskazone. Sasa kwenye ukali: kodi ya Afrika Kusini na katazo la kuni la hapa kwetu nitavipa alama vipi kwenye kipimo kimoja cha 0 hadi 10?

---

Mtakwimu Makorora

Ukali wa chombo kimoja ni vitu vitatu vinavyozidishana: kiwango, upana na utekelezaji. Tuanze na kodi, maana hesabu yake iko wazi.

Kodi ya kaboni ya Afrika Kusini ilianza tarehe 1 Juni 2019 kwa randi 120 kwa tani. Watu wengi wananakili hiyo 120 na kuondoka. Lakini misamaha ilikuwa kati ya 60% na 95% kulingana na sekta, hivyo mlipaji halisi alikuwa anatoa randi 6 hadi 48. Iligusa takriban 80% ya uzalishaji. Zidisha 48 kwa 0.8 upate 38.4, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa unachoweza kuandika kwa wastani wa tani ya nchi nzima mwaka ule. Chini ya theluthi ya namba ya kwenye gazeti.

Vivyo hivyo kwa upande wa pili: ruzuku ya mafuta ni kodi ya kaboni yenye alama ya kutoa. Tanzania ilipotoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni 2022, bei ya kaboni ya miezi hiyo ilishuka. Iandike kwenye mstari wake, na tarehe ya kukoma. Sina maana ruzuku ile ilikuwa kosa, bei za dunia zilikuwa zimepaa. Nasema tu jedwali linalorekodi kodi na kunyamazia ruzuku limepinda.

Kugeuza kuwa 0 hadi 10: sifuri ibaki kwa "hakuna sera". Usitumie kanuni ya ndogo kabisa na kubwa kabisa kwenye nchi sita pekee, kwa sababu lazima mmoja apate 10 hata kama wote ni dhaifu. Na ukimwingiza Sweden mwenye kodi ya zaidi ya dola 100 kwa tani, Afrika Kusini inaporomoka chini ya 1 na wengine wote wanabanana kwenye sifuri. Weka ngazi zako mwanzo, kabla ya kuona data, uziandike kwenye karatasi ya maelezo. Kwa makatazo, mfano: 2 kama ni tamko tu, 4 kama limo kwenye mkakati wenye lengo na mwaka, 6 kama limo kwenye kanuni, 8 kama kanuni ina adhabu na mkaguzi, 10 kama pia zinatolewa taarifa za ukaguzi.

Alama zitolewe na watu wawili ambao hawajaonana. Wape mistari 30 ya mwanzo, kokotoa kappa yenye uzito, kipimo cha jinsi watoa alama wanavyokubaliana. Ikiwa chini ya 0.6, maelezo ya ngazi ndiyo mabovu. Yarekebishwe, wapewe mistari mingine. Wasikae kikao cha kupatana alama mojamoja, maana hapo anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Uzito wa sekta: fuata sehemu ya kila sekta katika uzalishaji wa nchi yenyewe. Hii itazua zogo, kwa sababu Tanzania uzito mkubwa utaangukia ardhi na misitu, na sera za umeme zinazosifiwa redioni zitabeba uzito mdogo. Ndivyo inavyotakiwa.

Ndani ya sekta tumia wastani wa kawaida. Kati ya sekta tumia wastani wa kijiometri (wa kuzidisha alama badala ya kuzijumlisha), ili nchi isifiche misitu iliyoachwa wazi nyuma ya sera nzuri ya umeme. Sifuri moja itaua wastani wote, kwa hiyo ongeza 1 kwa kila alama kabla ya kuzidisha, uitoe mwishoni.

Mwisho jaribu kama mpangilio unasimama. Kwenye Excel, kwa kila sekta andika =-LN(RAND()), gawa kila moja kwa jumla ya mstari, hizo ndizo uzito za bahati nasibu. Usitumie RAND() peke yake ukagawa, itazisogeza uzito zote kuelekea katikati na jaribio litaonekana tulivu kuliko ilivyo. Vuta mistari 1,000, pata nafasi ya kila nchi kwa RANK, kisha toa asilimia ya 5 na ya 95. Nchi ambazo masafa yake yanaingiliana zipewe nafasi moja. Kwa nchi sita utabaki na makundi mawili, labda matatu. Na andika hivyohivyo, makundi. Asiyependa akaungane na wanaopenda nafasi ya tatu kwa tofauti ya nukta mbili.

---

Barabara ya Kumi

Mtakwimu umesema utekelezaji ukapita haraka. Hilo katazo la kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku lilikuwa na mwisho wa Januari 2024. Mkakati wa nishati safi ya kupikia 2024–2034 unalenga 80% ya Watanzania. Kwenye karatasi tumeng'ara. Pita nyuma ya jikoni za shule za bweni hapa mkoani uone kuni zilivyopangwa. Sera za waja leo waondoka leo zinapewa alama gani?

---

Mtakwimu Makorora

Swali la haki, ila kuni ulizoziona wewe peke yako si data. Usiipe nchi alama ya utekelezaji kwa hisia, na usiinyime kwa hisia. Tafuta ushahidi wa aina nne: kifungu cha bajeti chenye namba, chombo kilichotajwa kukagua, taarifa iliyochapishwa, na adhabu au kibali kilichowahi kutolewa. Kila kimoja robo. Katazo lenye moja kati ya manne linazidishwa kwa 0.25; lenye ngazi ya 6 linabaki 1.5. Nchi zote sita zipimwe kwa manne hayohayo, maana sisi tunazijua kuni zetu na hatuzijui za Mbale, Uganda, wala za Hawassa, Ethiopia. Mtafiti akiwa mkali kwa nchi yake na mpole kwa za wenzake, jedwali linapinda bila mtu kudanganya.

Upana pia. Mazingira si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 na mkakati wake wa tabianchi wa 2014. Kanuni ya Bara haivuki maji, lakini NDC ni ya Jamhuri ya Muungano. Kwa hiyo sera ya Bara isiandikwe upana wa 100%.

---

Mkinga Pwani

Nichukue bomba na saruji.

Bomba la EACOP, hilo la mafuta ghafi kutoka Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443, na 1,147 ziko Tanzania hadi Chongoleani. Limepangwa kusafirisha takriban mapipa 216,000 kwa siku. Madiwani watadhani gesijoto ya mafuta yote hayo itaandikwa Tanzania. Kwa miongozo ya IPCC, kuchoma kunaandikwa nchi inayochoma. Kwetu kunabaki nishati ya kusukuma na ya kupasha moto (mafuta yale ni mazito kwa nta, bila joto yanaganda), mivujo ya njiani na shughuli za kupakia melini. Vivyo hivyo Uganda kwa upande wake na visima vyake. Kwa hiyo kwenye karatasi ya matokeo bomba ni dogo kuliko kelele zake. Kama mnataka kupima upande wa kuchimba na kuuza nje, fungueni karatasi ya nne, muwaingize pia Afrika Kusini na makaa yao ya mawe. Msiichomeke kwenye karatasi ya sera kwa nchi mbili tu.

Saruji: kuchoma chokaa kunatoa takriban tani 0.52 za kaboni dioksidi kwa tani moja ya klinka (vibonge vya tanuri vinavyosagwa kuwa saruji), mbali na moto wa tanuri. Kiwanda kikiacha kuchoma klinka na kuagiza kutoka nje, orodha ya taifa inapungua kwa 0.52 kwa kila tani pasipo sera yoyote, na saruji ni ileile. Safu ya matokeo ya viwanda iwe na uzalishaji kwa tani ya saruji na kwa tani ya klinka, zote mbili.

Umeme nao. Mwaka wa ukame mabwawa ya mto Pangani, Nyumba ya Mungu, Hale na New Pangani Falls, yanashuka, gesi inachukua nafasi, na gramu za kaboni kwa kila uniti zinapanda. Mwaka wa mvua kinyume chake. Hapo hakuna waziri aliyefanya kitu. Tumia wastani wa miaka mitatu, na mwaka bwawa jipya linapoanza, kama la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 lililowasha mtambo wa kwanza mwanzoni mwa 2024, weka alama kwenye grafu ili msomaji ajue mruko umetoka wapi.

---

MwanaPongwe

Nimeelewa. Swali la mwisho: watu wa Pangani watauliza kuhusu kuhimili, si kupunguza. Ukuta wa bahari na mikoko viingie wapi?

---

Bint Chumbageni

Jedwali lake peke yake. Kupunguza kuna tani, kila nchi inatumia kizio kimoja. Kuhimili hakuna kizio cha namna hiyo, na ukilazimisha utakuwa unalinganisha mita za ukuta wa Pangani na hekta za matuta ya Ethiopia. Fahirisi ya ND-GAIN, ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, inayopima udhaifu na utayari wa nchi, inayo Tanzania, lakini sehemu yake ya udhaifu inapima zaidi hali ya nchi kuliko sera, kwa hiyo itumike kama maelezo ya mazingira tu.

Kwa ukuta, uliza kama kuna bajeti ya matengenezo kwenye kasma ya halmashauri baada ya mfadhili kuondoka. Kama haipo, huo ni mradi, haujawa sera, na mstari wake usiandikwe. Kwa mikoko, usihesabu miche iliyopandwa. Hesabu hekta zilizo chini ya mpango wa usimamizi ulioidhinishwa, na miche iliyo hai baada ya misimu miwili, kwa sababu mingi hufa pale inapopandwa kwenye tope lisilo lake, chini mno ya mstari wa maji kujaa.

Na kila karatasi iandikwe juu kabisa tarehe ya kufunga data. Nchi hizi zinabadilisha kanuni katikati ya mwaka wa fedha. Bila tarehe hiyo, Mkenya mmoja ukumbini atasimama na tangazo la wiki iliyopita na semina itaishia hapo.